Nyanya za paani: nimekata vilele, matunda yamepungua. Hii mbinu yaongeza mavuno kweli ama twadanganyana?

#1 PaaNiShamba
Salaam wakuu. Nina swali na nataka jibu la mtu alofanya kwa mkono wake, si la video.

Niko Majengo hapa Mombasa, nalima juu ya paa la nyumba yetu, ghorofa ya tatu. Mwezi wa kumi nilisia mbegu za nyanya, wa kumi na moja nikahamishia kwa ndoo 8 za lita 20, udongo mwekundu na samadi ya mbuzi na makumbi kidogo. Nilikuwa nishasikia watu wengi wakisema ukikata kilele mmea ungali mdogo watoa matawi mengi, matawi mengi maua mengi, maua mengi matunda mengi. Nikasema nijaribu kwa uadilifu: ndoo 4 nikakata kilele zikiwa na majani kama sita, ndoo 4 nikaziacha vile Mungu alivyoziumba.

Sa hivi ni mwezi wa tatu nimemaliza kuhesabu. Zisizokatwa zimenipa nyanya 61 kwa jumla. Zilokatwa zimenipa 17. Kumi na saba! Na si kama zilikufa, zimenona, zimejaa majani mpaka wapita hapo wafikiri ni bustani ya mfalme, maua yalitoka mengi kweli kisha yakapukutika chini kama mvua. Nilikuwa nafagia maua kila asubuhi.

Sasa mniambie. Nimekosea wapi, ama hii habari ya kukata kilele ni uongo?

#2 MzeeWaLikoni
Mwanangu, mnazi ukiukata kilele wafa. Mmea wajua kazi yake, wewe mwagilia tu.

#3 Bintimvita
Mzee shikamoo, lakini hapo mwafananisha vitu viwili tafauti. Mnazi una kichwa kimoja tu cha kukulia, ukikitoa hauna pengine pa kuanzia, ndiyo wafa. Hata mgema hakati kilele, yuwakata karara la maua. Nyanya ina jicho kwapani mwa kila jani, kwa hivyo ukiondoa kichwa yale macho ya kwapani yaamka.

Sababu ni kwamba ile ncha ya juu hutengeneza homoni iitwayo auksini, yashuka chini na shina na kuyafanya yale macho ya chini yalale. Ukikata ncha, auksini yapungua, macho yaamka. Hilo si uongo @PaaNiShamba, na mimea yako yenyewe imekuthibitishia, matawi yalitoka au hayakutoka? Yalitoka. Swali lako la kweli si la matawi, ni kwa nini maua hayakushika.

#4 Jibaba_Kisauni
Kabla hatujaenda mbali. Nyanya gani? Usiniambie "nyanya za kawaida" kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupotea. Kuna zile fupi, Cal J, Rio Grande, hizo zafika mahali zasimama zenyewe, shina lafunga kwa shada la maua basi. Na kuna zile ndefu, Anna F1, Moneymaker, hizo zapanda kamba mpaka uchoke wewe. Sheria za moja si za nyengine. Zile ndefu waziacha shina moja, wang'oa vitoto vya kwapani kila wiki, wazifunga kwa kamba. Zile fupi ukianza kuzikatakata wakata chakula chako mwenyewe, sababu idadi ya mashada yake ina kikomo.

#5 PaaNiShamba
@Jibaba_Kisauni mbegu nilipimiwa dukani kwa kijiko zikatiwa kwenye kikaratasi, nikaambiwa ni zile ndefu za kupanda kamba. Duka silitaji. Lakini sasa unavyosema, zile 4 nilizoziacha zilifika hapa kifuani zikasimama, na juu kabisa palikuwa na shada la maua, hazikuendelea. Mie nilidhani ni ndoo ndogo.

#6 Jibaba_Kisauni
Basi kesi imekwisha, hizo ni fupi. Uliuziwa jina. Umekata vilele vya nyanya fupi. Fungeni uzi.

#7 Mwarobaini40
Usifunge uzi haraka hivyo kaka. Ufupi waweza kueleza maua kuwa machache, lakini jamaa asema maua yalikuwa MENGI, akawa yuwafagia. Kama mmea una maua na yapukutika hilo si jambo la kilele, ni joto la usiku.

Nyanya si mmea wa joto kali, asili yake ni milima ya Amerika Kusini. Yapenda usiku wa nyuzi 15 mpaka 20. Usiku ukizidi 21, 22 hivi uzazi waanza kusumbuka, na mchana ukipita 32 ile poleni (unga wa dume ndani ya ua) yaharibika, ua lakauka kwenye kikonyo laanguka. Mombasa mwezi wa pili na wa tatu usiku wakaa kwenye 24, 25, na juu ya paa la saruji lilokaangwa mchana kutwa ni zaidi. Nenda ukaguse sakafu ya paa saa nne za usiku bado ya moto.

Sasa sikiza hesabu. Ukikata kilele wauchelewesha mmea wiki mbili mpaka tatu, kwa sababu yabidi uote matawi mapya kwanza ndiyo ufikirie maua. Zako zisizokatwa zilitoa maua lini?

#8 PaaNiShamba
Zisizokatwa katikati ya Disemba. Zilokatwa zilianza mwishoni mwa Januari hivi, nyingi ni Februari.

#9 Mwarobaini40
Umeona? Maua yako yaliingia kwenye kaskazi lilowaka. Hukushindwa na mkasi, umeshindwa na kalenda.

#10 Jibaba_Kisauni
@Mwarobaini40 Disemba Mombasa kuna baridi tangu lini wewe? Usiku wa Disemba pia ni 23, 24. Tafauti ya nyuzi moja haiwezi kutoa 61 kwa 17.

#11 Mwarobaini40
Nyuzi moja ukiwa tayari uko ukingoni ni nyingi. Na ni mchana pia si usiku peke yake. Lakini sawa, hoja yako naiweka.

#12 NyanyaZaNdani
Habari zenu. Mie nalima ndani kabisa, chumba kidogo cha fleti huku Nyali, kwa taa za LED, nyanya ndogo zile za cheri na pilipili mbuzi. Nimefuata uzi huu kwa hamu sababu mie nilianza kwa kukata nikaacha, sasa hivi nalaza.

Kulaza ni hivi. Hukati kitu. Ulichukue shina likiwa bado laini, ulipinde taratibu mpaka lilale kando kama limelewa, ulifunge kwa kamba laini kwenye mdomo wa ndoo (mie natoboa matundu pembeni ya ndoo). Kile kilele kikishashuka chini kuliko macho ya kwapani, yale macho yaamka yote yapanda juu kwa pamoja, baada ya wiki una vichwa sita saba vilo sawa kimo kama kichana. Faida yake ndani ya nyumba ni mwanga. Taa si jua. Taa ukisogea nayo mbali maradufu mwanga haupungui nusu tu, wapungua hata zaidi, kwa hivyo mmea mmoja mrefu katikati yuwala mwanga wote na matawi ya chini yabaki na kiza. Ukilaza kila kichwa kiko umbali mmoja na taa, kila ua lapata haki yake.

Mambo niliyojifunza kwa hasara: usilaze asubuhi ukishamwagilia, shina limejaa maji lavunjika kama mwanzi, ngoja alasiri likiwa limelegea. Likipasuka kidogo usiling'oe, funga kwa tepu, nyanya yaunga vizuri sana, mie nina moja ilipasuka nusu na ndiyo yazaa kuliko zote. Na taa usiiwashe saa 24 kwa tamaa. Nilifanya hivyo mwezi mmoja majani yakawa ya manjano yenye madoa nikadhani ni ugonjwa, kumbe nyanya zahitaji kulala kama sisi. Saa 16 zatosha. Taa ya wati 100 saa 16 ni yuniti 1.6 kwa siku, mwezi ni kama yuniti 48, kwa hivyo piga hesabu zako kabla hujaanza.

Na jengine, pazia. Taa yangu ya kwanza ilikuwa ya zambarau, usiku dirisha lawaka kama ukumbi wa disko. Mlinzi wa jengo akaja kunigongea saa tatu za usiku na sura ya kazi, kaambiwa na jirani kuna mtu apanda bangi huku juu. Nikamfungulia mlango nikamwambia ingia uone. Kasimama mbele ya nyanya kimya kama dakika nzima. Kaondoka na tano mfukoni na tangu siku hiyo ni rafiki yangu, akipita auliza watoto hawajambo.

#13 Kipanga_wa_Tudor
Hahaha hiyo kulaza na kufunga kamba kwenye matundu ya ndoo, @NyanyaZaNdani, mbinu hizo umezitoa wapi haswa? Sema ukweli hapa ni nyumbani.

#14 NyanyaZaNdani
Kweli wale wapanda bangi ndio waandishi wakubwa wa habari za kulaza mimea ndani ya nyumba, sikatai, ukitafuta waangukia kwao. Lakini kwetu hapa sheria ya dawa za kulevya ya 1994 haina mchezo na mie nina watoto, nimechukua kamba nikaacha mmea. Na kulaza hawakukugundua wao. Wakulima wa matufaha Ulaya wafunga matawi yalale ubavu kwenye ukuta miaka na miaka kwa sababu tawi lilolala latoa maua mengi kuliko lilosimama. Zabibu vivyo hivyo, na waridi.

#15 Bintimvita
Nakubali kuhusu mwanga, lakini hoja ya vichwa kuwa kimo kimoja ni ya taa. PaaNiShamba yuko juani. Jua haliko mita moja juu ya ndoo yake kwamba tawi la chini litakuwa mbali nalo. Kwake yeye kitu kikubwa ni jua lapita wapi na kivuli chaangukia wapi.

Na hapa watu wa Mombasa twajisahau. Sisi tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, jua hupita utosini mwanzo wa Machi na tena mwanzo wa Oktoba. Kuanzia Aprili mpaka Septemba laelemea kaskazini, kuanzia Oktoba mpaka Februari laelemea kusini. Kwa hivyo mwenye baraza inayotazama kaskazini, nyanya zake za Juni zapata jua na za Disemba zakaa kivulini, halafu alaumu mbegu. Mimi nimehamia nyumba mara mbili ndiyo nikalielewa hili.

@PaaNiShamba zile ndoo ulizokata ziliwekwa pamoja na zisizokatwa au ziko mbalimbali?

#16 PaaNiShamba
Zilokatwa zote nne ziko upande wa tangi la maji. Zisizokatwa ziko upande wa ngazi. Nilizitenga nisichanganye.

#17 Kipanga_wa_Tudor
Ehee. Mambo yanazidi kunoga.

#18 Shangazi_Mkilua
Wanangu nawasoma tu. Mimi si wa nyanya, ni wa asumini na pilipili, lakini la kukata nalijua tangu utotoni. Bibi yangu Mji wa Kale alikuwa na asumini uani, kila zikiisha kutoa maua kwa wingi alikuwa akizipunguza kwa mkasi wa kushonea, sisi tukilia tukidhani aziua. Baada ya muda matawi mapya yaja na kila tawi jipya laja na vikonyo vya maua, sababu asumini hutoa maua kwenye ubichi, si kwenye mti mkavu. Usipokata wapata mti mkubwa na maua matatu. Kwa hivyo kukata si uongo.

Lakini pilipili sikati. Pilipili yenyewe ikifika kimo chake yajigawa panda, na pale kwenye panda ndipo ua la kwanza latoka. Kisha kila panda yagawanyika tena na ua jengine. Mimi nachofanya nalitoa lile ua la kwanza la kwenye panda, nikiliacha mmea washughulika na mtoto mmoja wasahau kukua. Ndoo tatu tu nina pilipili mbuzi lakini achari nauzia nusu ya mtaa, na waulize walokula.

Na mpapai je? Mpapai ukiukata kichwa hutoa vichwa viwili vitatu. Ila funika pale ulipokata kwa kopo maana shina lake ni tupu ndani, maji ya mvua yakiingia lioze lote.

#19 Kipanga_wa_Tudor
Shangazi shikamoo. Na ile ya kupigilia misumari mpapai dume ili uzae ni kweli? Babangu ameupigilia wetu misumari minne na bado wamtazama tu.

#20 Shangazi_Mkilua
Marahaba. Hilo nimeliona likifanywa tangu nikiwa mdogo na nimeona mipapai ikizaa baadaye. Kama ni msumari au ni rehema ya Mungu siwezi kukwambia.

#21 Jibaba_Kisauni
Dume au jike la mpapai latoka kwenye mbegu, msumari haubadilishi. Ndiyo maana watu hupanda miche mitatu kwenye shimo moja wangoje maua kisha waondoe madume.

#22 Mwarobaini40
Lakini madume mengine huzaa siku nyengine, yale yenye vikonyo virefu vyaning'inia utaona papai nyembamba imetokea, kwa hivyo alopigilia jana ataapa ni msumari. Turudini kwa nyanya jamani.

#23 KisimaChaChumvi
Mnasahau kitu kimoja na jina langu lakwambieni ni kipi. MAJI. Mtu yuko Majengo. Wamwagilia maji gani ndugu? Ya mfereji, ya mkokoteni, au ya kisima?

Kwa sababu visima vingi vya hapa kisiwani ni maji ya chumvi chumvi, watu wafulia na kudekia. Na chumvi kwenye ndoo haina pa kwenda, kila ukimwagilia maji yakauka chumvi yabaki, baada ya miezi miwili udongo una ganda jeupe juu. Kuna kipimo cha chumvi ya udongo, nyanya yastahimili mpaka kama 2.5, pilipili 1.5 tu, ukipita hapo mavuno yaanza kushuka. Nyanya yanyauka mchana na udongo uko majimaji, hiyo ndiyo dalili, kiu ndani ya maji. Halafu chumvi yaizuia mizizi kunywa kalisiamu, tunda laoza kitako.

Na hayo makumbi ulotia. Yalioshwa? Makumbi ya watu wa kusokota kamba hulowekwa ufuoni kwenye maji ya bahari miezi na miezi. Ukitia kwenye ndoo bila kuyasuuza umetia bahari.

#24 PaaNiShamba
Subhanallah. Makumbi nilipewa na jamaa wa Mtwapa sikuuliza yalitoka wapi, lakini yako kwenye ndoo zote 8 sawasawa.

Kuhusu maji nimekwenda kumuuliza mamangu sasa hivi kwa sababu mie nafanya kazi za usiku bandarini na asubuhi yeye ndiye amwagiliaye. Asema siku mfereji ukikatika, na mwajua mfereji wetu, yuwachota kwenye lile tangi la paani lilojazwa kwa maji ya kisima. Nikamuuliza wamwagilia ndoo zote? Akanijibu "zile za karibu na tangi tu, hizi za ngazi nazimwagilia maji yalobaki jikoni, mgongo hauniruhusu kubeba."

Nimekaa chini.

#25 Kipanga_wa_Tudor
Mama hana hatia hapa wakuu, mama aheshimiwe.

#26 PaaNiShamba
Hana hata kidogo. Bila yeye ningekuwa na ndoo 8 za vumbi. Nimemkanda mgongo nikamnunulia mpira wa kumwagilia leo hii hii.

#27 KisimaChaChumvi
Basi hapo ndipo tunda lako lilipokwenda. Suuza ndoo, mimina maji matamu mpaka yatoke chini kwa wingi, lita 40 kwa ndoo moja usione huruma.

#28 Bintimvita
@KisimaChaChumvi nakupinga kwa adabu. Alosema ni "zimenona, zimejaa majani". Mmea ulolewa chumvi haunoni hivyo, majani huungua ncha na mmea hudumaa. Mtu asifiwaye bustani ya mfalme hana tatizo la chumvi peke yake. Mie huko naona naitrojeni imezidi, hiyo yanonesha majani si matunda. Samadi ya mbuzi umetia kiasi gani, na je, uliongeza kitu baada ya kukata?

#29 PaaNiShamba
Nusu udongo nusu samadi. Na zile zilokatwa niliziongezea kijiko cha mbolea ya urea mara mbili, niliona zimepata kidonda nikazionea huruma nikasema zipate nguvu.

#30 Jibaba_Kisauni
😂😂 Kaka! Sasa tafauti za ndoo zako ni ngapi? Kilele, upande wa paa, maji, urea, na mwezi wa kutoa maua. Umefanya majaribio matano kwa pamoja ukampa lawama mkasi.

#31 PaaNiShamba
Nakubali yote. Nilitaka kuzitunza vizuri tu.

#32 MwalimuWaBayo
Habari za jioni, nimechelewa. Niongeze kidogo kwenye #3 ya Bintimvita. Habari ya auksini ndiyo tulosoma na ndiyo tunayofunza, lakini si hadithi nzima. Mwaka 2014 watafiti huko Australia walitazama mimea ya njegere wakaona macho ya chini huanza kuamka kabla auksini haijapungua pale yalipo, haraka sana. Walichoona ni sukari. Kilele kinachokua ni mlaji mkubwa, sukari yote yakimbilia kwake, ukikikata ile sukari ghafla haina mwenyewe yashuka kwa macho ya kwapani nayo yaamka. Auksini yaja baadaye kuamua nani aendelee.

Kwa nini nalisema hapa? Kwa sababu kama ni sukari, basi kukata kilele hakuongezi chakula hata punje, kwagawa tu kilekile kwa midomo mingi. Chakula chatoka kwenye majani na jua na mizizi. Ndoo ya lita 20 ina mizizi ya lita 20, uikate uilaze uipinde. Vichwa saba kwenye ndoo moja ni watoto saba kwenye sahani moja ya wali.

#33 NyanyaZaNdani
Mwalimu heshima yako, ila mie kwenye ndoo ileile, taa ileile, nimepata nyanya za cheri nyingi nilipolaza kuliko niliposimamisha. Kwa hiyo sahani iliongezeka kutoka wapi?

#34 MwalimuWaBayo
Kutoka kwenye majani yalokuwa kizani yakapata mwanga. Hapo umeongeza mapishi. Aliye paani majani yake yote yako juani tangu mwanzo, hana pa kuongeza.

#35 Bintimvita
Si yote mwalimu. Kichaka kilichojaa chajitia kivuli chenyewe hata utosini mwa jua. Lakini pia upande wa pili, hapa kwetu ukifungua sana, tunda laungua. Nimepata nyanya zenye baka jeupe kama karatasi upande wa jua, hiyo ni kwa sababu nilinyoa majani nikafuata video ya watu wa Uholanzi, wao wako kwenye nyumba ya vioo na jua lao la huruma. Huku jani ni mwavuli.

#36 Jibaba_Kisauni
Waholanzi hao hao shina moja laenda mita 10 na zaidi, walishusha na kulizungusha chini kama mpira wa maji. Shina MOJA. Hawakati kilele mpaka mwisho wa msimu. Hilo nalo lisemwe.

#37 MzeeWaLikoni
Nimesoma yote na miwani yangu. Narudia, msikate.

#38 Shangazi_Mkilua
Mzee, na kunde huko Likoni hamuchumi vilele mkala na sima? Na maboga je?

#39 MzeeWaLikoni
Mama umenishika. Ni kweli, mke wangu huchuma vilele vya maboga kila siku ya pili na mboga haiishi, yachipua kushoto na kulia. Lakini sikiza nikwambie: lile boga alichumalo majani halizai boga. Lile la nyuma ya nyumba asilofika ndilo huzaa. Kunde vilevile, twapanda mistari ya mboga mbali na ya mbegu mbali. Mkataji ale majani, asoekata ale tunda. Hivyo ndivyo tulivyokuta.

#40 MwalimuWaBayo
Mzee, hilo darasa nitalifunza Jumatatu.

#41 TikisaTikisa
Hakuna hata mmoja alouliza kama maua yalitikiswa. Ua la nyanya lina dume na jike ndani yake lakini poleni imefungiwa ndani ya bomba, yahitaji mtikiso itoke. Nyuki wa asali hawaiwezi, wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao ndio wanaoliweza, wanalishika ua wanalivumisha. Na upepo. Upande wa tangi kuna ukuta? Kama kuna ukuta kaskazi halifiki. Mie natumia mswaki wa betri, naugusisha nyuma ya shada, saa nne asubuhi, kila siku ya pili. Usiponiamini tikisa ndoo mbili, mbili ziache.

#42 PaaNiShamba
Tangi liko juu ya ukuta wa mawe wa kimo changu. Upepo haufiki pale, ndiyo maana mama hupenda kukaa hapo akianika nguo hazipeperuki.

#43 Mwarobaini40
Upepo hakuna, ukuta wa mawe watema joto usiku, maua Februari. Mie nabaki na joto langu.

#44 KisimaChaChumvi
Na mie na maji yangu.

#45 Jibaba_Kisauni
Na mie na mbegu. Nyanya fupi haikatwi, hata uimwagilie zamzam.

#46 PaaNiShamba
Shukran sana nyote, sikutarajia hivi. Nimeamua hivi. Nangoja kusi liingie, mwezi wa tano nasia tena, ili maua yaje Julai na Agosti usiku ukiwa na ubaridi. Mbegu nitanunua pakiti ilofungwa yenye jina, ndefu. Ndoo 12, zote upande wa ngazi, maji ya mfereji tu, mfereji ukikatika nanunua mkokoteni. Urea hapana. Ndoo 4 shina moja kwa kamba, 4 nakata kilele, 4 nalaza vile @NyanyaZaNdani alivyosema, na nazichanganya, moja moja, si upande huu na ule. Mama nimempa chaki aandike siku aliyomwagilia.

#47 Bintimvita
Zungusha ndoo nafasi kila wiki pia. Na usihesabu matunda tu, PIMA KILO. Nyanya 61 ndogo zaweza kuwa nyepesi kuliko 40.

#48 PaaNiShamba
Mizani ya jikoni ipo. Nitaleta kilo.

#49 TikisaTikisa
Utazitikisa?

#50 PaaNiShamba
Zote, kwa usawa.

#51 Kipanga_wa_Tudor
Shangazi @Shangazi_Mkilua hiyo achari ya pilipili mbuzi yauzwa wapi? Nimesoma posti 50 za nyanya na tangu #18 natokwa na mate.

#52 Shangazi_Mkilua
Niandikie faraghani mwanangu. Njoo na chupa yako, na umwambie babako ang'oe ile misumari kabla haijala kutu ndani ya mti.